Siku sita nikimfuata balozi Rohlfs, toka Hamburg mpaka Vegesack

JUMATATU, HAMBURG

Safari hii ni ya kumfuata mtu mmoja anaitwa Gerhard Rohlfs ila nimeianzia kwenye kaburi la Bibi Salme, kwasababu yeye ndo alonifikisha kwa huyu mzee. Mie nimekulia Malindi, Unguja, na kila mtoto wa mjini kwetu analijua jina la Salme binti Said, kazaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, kaondoka usiku mwaka 1866 na manowari ya Waingereza, kaolewa Aden na Mjerumani wake, kawa Emily Ruete. Mumewe akafa 1870 kwa ajali ya tramu hapahapa Hamburg, akabaki na watoto watatu wadogo na baridi hii ninayoijua mie mwenyewe ilivo. Mwezi wa nane 1885 ndo akarudi kwao kwa mara ya kwanza, kwenye meli ya Mjerumani, na manowari tano za Mjerumani zimeshajipanga mbele ya jumba la kaka yake Sayyid Barghash zimemuelekezea mizinga.

Sasa miaka mingi nilikuwa najiuliza mambo yalifikaje pale. Kabla ya mizinga lazima kulikuwa na mtu, mtu wa kwenda na kurudi kwa Sultani, wa kukaa barazani akapewa kahawa na halua na akazungumza. Nani alikuwa balozi wa Mjerumani Unguja mwaka ule? Nikatafuta likatoka jina Rohlfs, na nilivomtafuta zaidi nikakuta huyu hakuwa karani wa serikali kabisa, alikuwa mtembezi wa majangwa na mwandishi wa vitabu, vitabu hasa, rafu nzima. Hapo nikasema likizo yangu ya mwaka huu najua naenda wapi.

Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa mno, hekta 389, basi la abiria linapita ndani na lina vituo vyake. Nimemkuta Bi Salme chini ya miti, jiwe limelala, jina lake la Kijerumani na chini yake imeandikwa alikuwa binti mfalme wa Oman na Zanzibar, na kuna mstari wa shairi wa kusema kwamba mwaminifu wa kweli rohoni mwake ni yule anayeipenda nchi yake kama wewe. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, na kwenye vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho. Nimepiga goti nikafuta majani makavu juu ya jiwe, jiwe lenyewe baridi kama limetoka kwenye friji, nikamsomea Fatiha kimyakimya ingawa najua alibatizwa, Mungu ndo anayejua ya mioyo.

Hamburg walimpa jina la uwanja mwaka 2019 halafu wakalitoa, kwa yale alioandika kuutetea utumwa na kuwadharau watu weusi. Nimeyasoma na yanauma, hasa ukiwa wewe bibi yako mzaa bibi alikuwa mtu wa shamba la karafuu la watu kama kina Salme. Nampenda na yananiuma, vyote viwili.

JUMANNE, BERLIN

Asubuhi Wilhelmstraße. Zamani huu ndo ulikuwa mtaa wa serikali yote ya Ujerumani, namba 76 ndo ilikuwa wizara ya mambo ya nje enzi za kansela wao Bismarck, leo ukienda ni mafleti ya zege ya enzi za Ujerumani Mashariki, watu wameanika nguo na baiskeli kwenye vibaraza. Mbele kidogo, namba 92, kuna kibao cha kumbukumbu ya ule mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, uloanza tarehe 15 Novemba 1884 ukaisha 26 Februari 1885. Hizo tarehe naomba mzishike, kwasababu siku iliofuata tu, tarehe 27 Februari, ndo Kaizari alitia saini hati ya kumlinda Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, na mikataba yake aliyoipata bara kule Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, mikataba ambayo wazee walioiwekea alama hawakuwa na njia ya kujua ile karatasi inasema nini.

Na Rohlfs wakati huo yuko wapi? Yuko Unguja tayari! Kapelekwa na Bismarck kuwa konseli mkuu, kafika Januari 1885 na manowari iitwayo Gneisenau. Yaani Berlin wanagawana ramani na mtu wao ameshakaa mlangoni kwa Sultani.

Kwanini yeye? Kwasababu alikuwa na jina. Mwaka 1865 mpaka 1867 alivuka Afrika toka Tripoli kupita Murzuk, Bilma, Bornu, akashuka na mito ya Benue na Niger mpaka Lagos, na Waingereza wenyewe wakampa medali ya dhahabu ya chama chao cha jiografia mwaka 1868. Kisha kuna habari moja watu huisahau: zawadi ambazo mfalme wa Prussia alitaka zipelekwe kwa Sheikh Omar wa Bornu kushukuru kwa kumpokea vizuri, Rohlfs hakuzipeleka mwenyewe, alipofika Tripoli kazi akamwachia daktari kijana aliyekuwa Tunis anaitwa Gustav Nachtigal. Nachtigal naye akawa msafiri mkubwa, akaandika, na mwaka 1884 Bismarck huyohuyo akampa cheo akaenda kupandisha bendera Togo na Kamerun, akafia baharini Aprili 1885. Wasafiri wawili na waandishi wawili, wote mwisho wamefanywa mabalozi wa kubeba bendera, mmoja pwani ya magharibi mwengine kwetu mashariki, miezi ileile. Bismarck alijua anachokifanya, alichukua watu wanaojua kuingia nyumba za watu.

Mchana nikapanda treni ya chini mpaka Wedding, kwenye ule mtaa wanaouita wa Kiafrika. Uwanja wa Nachtigal hauitwi hivo tena, toka Disemba 2022 ni Manga-Bell-Platz, kwa heshima ya Rudolf Duala Manga Bell ambaye Wajerumani walimnyonga kule Douala mwaka 1914, na mkewe Emily. Na barabara ya Peters, toka Agosti 2024 kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nimesimama chini ya kile kibao, herufi nyeusi juu ya nyeupe, M kubwa mbili, nikakiangalia mpaka mama mmoja mwenye mtoto kwenye kigari akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, hilo ni neno la kwetu, nikamwelezea vita vya 1905 mpaka 1907, akasikiliza mpaka mwisho mtoto analia.

Hatua chache mbele kuna Sansibarstraße. Nikapiga picha nikamtumia mama wasapu, akanipigia palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ndo Zanzibar gani tena iliyoandikwa na S?"

"Ndo Kijerumani mama, z wanaitamka ts."

"Haya. Na huyo balozi wako umeshamuona?"

"Bado mama, hapa nimewaona wenzake."

JUMATANO, NJIANI NA WEIMAR

Treni za mikoa, zaidi ya saa nne na kubadilisha Halle, nikapata nafasi ya kusoma. Kitabu chake cha Morocco ninacho kwenye simu, kimepigwa picha kwa zile herufi za zamani za Kijerumani ambazo s na f ni kama mapacha, kurasa kumi saa nzima.

Ujana wake ulikuwa wa vurugu. Kazaliwa Vegesack karibu na Bremen tarehe 14 Aprili 1831, baba daktari, shule hataki, kaingia jeshi kapigana Idstedt 1850, kasoma udaktari miji mitatu bila kumaliza, akaingia jeshi la Austria akatoroka, mwisho akajiandikisha kwenye kile kikosi cha wageni cha Wafaransa Algeria. Nacho kikosi hicho kilikuwa kinateketeza vijiji vya Wakabylia mwaka 1857, sitaki kuliruka hilo. Mwaka 1861 akavuka Morocco, akajifanya Muislamu, akajiita Mustafa, akajipatia riziki kwa udaktari wake wa nusu.

Halafu linakuja lile tukio. Mwaka 1862 anatoka Tafilalt kurudi upande wa Algeria, kafika kwenye kijiji kimoja cha jangwani, mwenyeji wake aliyempokea na kumlisha akamuona anahesabu pesa. Wakaondoka, usiku wamelala njiani Rohlfs anaamka na bunduki kifuani, ni mwenyeji wake yule. Risasi mkononi, mapanga mwilini, kiganja kinaning'inia. Wakamwacha wakijua kafa. Akakaa pale juani siku mbili na usiku wake hawezi kusimama, mpaka wakapita watu wawili wa dini, maskini, wakamkuta, wakamnywesha maji, wakaenda kuleta mnyama wa kumbeba, wakamtia kijijini kwao, wakamuuguza wiki baada ya wiki na wao wenyewe chakula hawana. Watu wa kijiji kile hawakumdai kitu.

Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili na treni imesimama porini haisemi kwanini. Mtu aliyepigwa na mwenyeji akaokolewa na wapita njia, ungetegemea maisha yake yote aandike kuhusu wale wawili. Kuwashukuru kawashukuru. Lakini kwenye vitabu vyake vya baadae kuna maneno makali ya dharau juu ya Uislamu na Waislamu, mtu aliyekula futari zao, aliyejificha ndani ya dini yao ili aishi. Hapa ndo mie na Rohlfs tunapogombana, na nitagombana naye mpaka mwisho wa safari.

Weimar nimefika saa kumi jioni. Mji mzuri jamani, mdogo, msafi, kila kona Goethe. Nikaweka begi hosteli nikashika njia ya Belvederer Allee, ndefu, miti pande zote, majumba ya zamani yenye bustani. Hapa ndo Rohlfs alihamia baada ya kuoa 1870, mke wake Leontine alitokea Riga, na nyumba akaiita Meinheim, yaani kwangu, nyumbani kwangu. Kwa mtu aliyelala miaka kumi kwenye mahema na vibaraza vya watu, mie jina hilo limenigusa. Mzee mmoja anatembeza mbwa nilipomuuliza alijua moja kwa moja, akanyoosha fimbo, akasema ndio, yule wa Afrika. Nikasimama nje ya uzio mpaka taa za barabarani zikawaka.

Humu ndo alipopangia ile safari ya jangwa la Libya, majira ya baridi ya 1873 na 1874, pesa ametoa Khedive Ismail wa Misri, wataalamu na mpiga picha wamo. Walikwama kwenye matuta ya mchanga hawawezi kwenda magharibi, na mwezi wa pili, katikati ya moja ya sehemu kame kabisa duniani, mvua ikanyesha! Siku mbili. Wakajaza maji, wakapaita Regenfeld, uwanja wa mvua, Rohlfs akajenga rundo la mawe akaacha chupa yenye karatasi ndani. Chupa hiyo ilikuja kukutwa baada ya miaka kama hamsini.

ALHAMISI, WEIMAR

Leo sikwenda popote, nimekaa bustani ya mto Ilm na daftari, naandika habari ya Unguja kama ninavyoielewa.

Rohlfs anapofika, Beit al-Ajaib ni jumba jipya, halina hata miaka miwili, Sayyid Barghash amelijenga 1883. Barghash ni mtu aliyewahi kuhamishiwa Bombay, ameshafika London mwaka 1875, ameleta maji ya bomba mjini toka chemchemi ya Chem Chem, si mtu wa kubabaishwa na kofia ya balozi. Na pembeni yake yuko John Kirk, balozi wa Uingereza, ambaye amekuja Unguja toka 1866, yaani karibu miaka ishirini, anamjua kila mtu, anajua nani kagombana na nani na kwanini. Sasa Rohlfs anaingia hapo na umri wa miaka 53, ana mguu na mkono wenye makovu, hana mji anaoujua, hana mtu wa kumtegemea ila meli iliyomleta.

Mie ninavyoona tatizo lake lilianzia hapo kwenye meli. Safari zake zote zilizofanikiwa alikuwa mhitaji. Morocco alihitaji mkate, Bornu alihitaji ruhusa ya Sheikh Omar, jangwani alihitaji mtu amwambie kisima kiko wapi. Mtu mhitaji anabisha hodi, anasubiri, anaangalia uso wa mwenye nyumba, na yale yote anayoyaona wakati anasubiri ndo yanakuwa kitabu. Unguja hakuhitaji kitu cha mtu. Kaja na barua ya serikali na nyuma yake mizinga. Kwanini akae barazani masaa? Vitabu vyake watu wanavyovikumbuka mpaka leo ni vya Sahara na Morocco, mimi sijakutana na mtu anayemkumbuka kwa Unguja.

Mwezi wa nne ukafika na ile hati ya tarehe 27 Februari ikafika nayo, na aliyemkabidhi Sultani nakala yake ni Rohlfs. Jaribuni kukiona kile chumba. Barghash anasomewa kwamba Usagara na jirani zake, njia ya misafara yake yote, sasa ziko chini ya ulinzi wa Mjerumani. Tarehe 27 Aprili akapiga simu ya maandishi kwa Kaizari mwenyewe, waya ulikuwa umeshafika Unguja toka 1879, akasema nimepokea kwa balozi wako Rohlfs karatasi hii, na nchi hizo ni zetu toka kwa baba zetu, na hao machifu waliozitoa hawakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Jina la Rohlfs limo ndani ya simu ile kama jina la tarishi.

Katikati ya mwaka akaitwa arudi. Tarehe 7 Agosti zikaja manowari tano za Komodoo Paschen, wiki haikuisha Barghash akasalimu amri, na Bi Salme yuko kwenye meli anaangalia nyumba aliyozaliwa anayozuiliwa kuingia, kaka yake akakataa kumuona. Rohlfs hayupo kwenye picha kabisa.

Wanahistoria humweka kwenye fungu la mabalozi walioshindwa. Labda. Lakini ukisema ameshindwa maana yake kazi ilikuwa njema akaikosea, na mie siwezi kusema hivo. Namuonea huruma kidogo kama mwandishi, kama balozi simuonei.

Jioni nikazungukia Cranachstraße iko hapohapo karibu, alipoishi baadae Harry Kessler, naye Mjerumani, mwandishi na mwanadiplomasia, alikuwa mjumbe wa Ujerumani Warsaw mwisho wa 1918 na aliandika kumbukumbu zake toka 1880 mpaka 1937 anafariki uhamishoni Ufaransa. Mtaa mmoja, kizazi kimoja mbele. Kessler ningemfanyia safari yake peke yake, naye hakuwahi kupeleka karatasi mlangoni kwetu, kwahiyo leo nimempita tu.

IJUMAA, BREMEN

Siku nzima njiani, Göttingen, Hannover, Bremen. Göttingen Rohlfs alisoma udaktari kidogo, mie nilichosoma Göttingen ni ubao wa treni, imechelewa dakika 70, watu wamekaa chini kwenye mabegi, dada mmoja wa Eritrea akanigawia mkate wake wa himbasha na chai ya chupa. Tukapiga stori mpaka Hannover. Nikamwambia habari ya Rohlfs, kwamba mwaka 1880 alipelekwa na barua ya Kaizari kwa mfalme Yohannes wa Abisinia, na njia yake ilianzia Massawa. Akacheka akasema kila mtu amepita Massawa.

Bremen nimefika jioni, nikaenda moja kwa moja kumuona tembo. Yuko nyuma ya stesheni, ni sanamu ya matofali yale mekundu yaliyoiva mpaka yakawa kama kahawa, urefu mita 10, mkonga umeteremka katikati ya miguu ya mbele. Wamemjenga miaka ya 1931 na 1932 kuyakumbuka makoloni waliyonyang'anywa, wakitamani warudishiwe. Mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, mji ukaamua kumbadilisha maana, sasa ni sanamu ya kupinga ukoloni, na bustani imepewa jina la Nelson Mandela. Nimeweka kiganja kwenye mguu wake. Matofali yana mipasuko midogo, kuna moss imeota upande usiopata jua, na tofali moja linatingishika kidogo ukilibonyeza. Pembeni wameweka duara la mawe yaliyoletwa toka Namibia, kumbukumbu ya Waherero na Wanama waliouawa toka 1904.

Huu ndo mji uliomsaidia Rohlfs pesa za safari zake. Na mfanyabiashara Lüderitz, aliyeichukua ile pwani ya Namibia, alikuwa wa hapa pia. Bandari ni bandari, najua nasemaje, nimetoka bandarini, kahawa na tumbaku na watu na mawazo vyote vinapita mlango mmoja.

JUMAMOSI, VEGESACK

Treni dakika 25 hivi na umefika. Vegesack ni mji wa meli, ulikuwa na wavuvi na manahodha, kwenye bandari yake ndogo wameweka mataya ya nyangumi yamesimama kama mlango. Na ukitoka stesheni ukaingia mtaa wa maduka, mtaa wa kutembea kwa miguu, unaitwa Gerhard-Rohlfs-Straße. Kuna duka la miwani, kuna mkate, kuna kebabu. Niliwauliza watu wanne watano pale mtaani ni nani. Wawili wakasema msafiri. Mmoja akasema nahodha. Kijana wa kebabu akasema, kaka sijui, ila niulize bei ya vyumba nitakwambia.

Mchana nikaenda kwenye lile jumba la Schönebeck, la matofali na mbao, kijito kinalizunguka, ndani ni makumbusho ya mji na chumba kimoja ni cha Rohlfs, na barua zake wamezihifadhi wao. Hufunguliwa masaa machache tu wiki nzima. Mzee wa zamu, anajitolea, nywele nyeupe kama pamba, alikuwa peke yake. Nikamwambia natoka Zanzibar.

Alinyamaza. Kisha akavuta kiti akaniambia kaa.

Tulizungumza saa nzima na nusu. Alinieleza kuhusu babake Rohlfs daktari na ndugu zake na jinsi watu wa hapa walivyokuwa wanasubiri barua zake toka jangwani zichapishwe, mtoto wa mjini kwao yuko Sahara. Mie nikamwonyesha picha kwenye simu, Forodhani, Beit al-Ajaib kabla halijaanguka. Nikamwambia lile upande mmoja liliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafa, mie nilikuwa huku Ujerumani nikatumiwa video, nikaona ule mnara wa saa unashuka kwenye vumbi, nikakaa chini jikoni sikuweza kwenda kazini. Akauliza Rohlfs alipita hapo? Nikasema mzee wangu, hapo ndo penyewe, ile hati ilipelekwa mji huu, kwa mwenye jumba hili.

Akauliza tena, Forodhani maana yake nini. Nikamwambia forodha ni mahali pa kulipia ushuru wa bidhaa zinazoshuka melini. Akachukua penseli, akafungua kijidaftari, akaniomba nimtajie herufi moja moja, F, O, R, akaandika taratibu na mkono unatetemeka kidogo, chini yake akaandika maana kwa Kijerumani, akanionyesha kama mwanafunzi. Nikasema ndio, sawasawa. Akaniuliza na maneno mengine. Nikampa baraza. Nikampa hodi. Hilo la hodi nililieleza muda mrefu kuliko yote, kwamba unasimama nje, unasema, unasubiri karibu, na usipojibiwa mara ya tatu unaondoka zako. Akaandika mpaka ile tatu.

Kaburi la Rohlfs liko makaburi ya Vegesack. Aliuza nyumba ya Weimar 1890, mwaka uleule Mjerumani na Muingereza walipowekeana mkataba wa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland bila kumuuliza mtu wa Zanzibar wala wa Heligoland, akahamia Rüngsdorf karibu na Bonn, akafa tarehe 2 Juni 1896, akaletwa kuzikwa kwao. Bi Salme alikufa mbali na kwao na mchanga kwenye kifuko, huyu kaja kulala alipozaliwa. Nilikaa kidogo. Fatiha sikumsomea, maana alijifanya wetu alipotuhitaji akatutukana aliporudi, ila nilimwambia kwa sauti kwamba wale wawili waliokuokota Morocco, mimi nimewakumbuka.

Jioni nikashuka mtoni. Kuna feri ya kuvuka Weser kwenda Lemwerder, dakika chache tu, magari na baiskeli na watu. Sina kazi Lemwerder lakini nikapanda, mtu wa visiwani akiona feri haachi. Upepo ulikuwa mkali, nikajibanza ukutani nikampigia mama.

"Umemuona?"

"Nimemuona mama. Kazikwa hapa kwao."

"Alikaa kwetu muda gani?"

"Alifika Januari, katikati ya mwaka keshaondoka."

Mama akahesabu, namsikia anahesabu kwa midomo. "Basi kaja na kaskazi kaondoka na kusi, kama watu wa majahazi." Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula mkate wa samaki bandarini, akataka kujua samaki gani, nikasema heringi, mbichi na vitunguu. Akashtuka, mbichi? Nikaanza kumwelezea wanavyomtia chumvi, na feri ikagonga gati.